Doa Jekundu Kwenye Ski za Baba

Jumapili, 10 Machi

Kesho tunaanza. Nimeandaa buti, mafuta ya goti, na uso wa mtu asiye na siri. Huo wa mwisho nimeufanyia mazoezi mbele ya kioo. Dada Burgi alipita, akaniuliza kama tumbo linanisumbua.

Naandika haya ili siku moja watu wajue karakana ya Baba iliokolewaje, na iliokolewa na nani.

Kila Machi kitabu cha mwongozo wa wanunuzi hutukusanya wapimaji kule juu kwenye barafu, tupime ski, zile mbao ndefu za miguuni za kutelezea thelujini, zitakazouzwa majira ya baridi yajayo. Fundi huzifunika zote kwa plastiki nyeusi mpaka hazijulikani baba wala mama. Zinabaki na namba tu. Unapanda mlima kwa kiti kinachovutwa na waya, unateleza, unafika chini, unajaza kadi ya alama kabla hujafungua mdomo. Kadi kwanza, maneno baadaye, ndiyo sheria. Ski zikifanya vizuri, kitabuni huchorwa kichwa cha mbuzi wa milimani pembeni ya jina lao. Mtu wa Vienna asiyejua tofauti ya ski na kibao cha chapati huangalia mbuzi tu. Akimwona, ananunua.

Mimi nahitaji mbuzi mmoja.

Dada anataka kuigeuza karakana iwe sauna ya wageni. Anasema wageni hawaji kwetu kunusa gundi. Anasema presi ya Baba, lile chuma zima lililokuwa likibana mbao na gundi mpaka zinakuwa ski, inakula nafasi bure, na mtu wa vyuma chakavu atakuja kuichukua baada ya Pasaka. Tumegombana tangu theluji ya kwanza. Mwishowe akasema, "Haya, tengeneza jozi moja. Wenzako wakizipa mbuzi, siuzi. Wasipozipa, sitaki kusikia neno presi tena humu ndani." Tukapeana mikono. Dada akishatoa neno halirudishi, hata umpigie magoti. Nimeshajaribu magoti.

Nimezitengeneza. Mbao ni zile za mwisho za Baba, alizozianika darini kwa mkono wake. Presi ni ile ile, imeinama upande mmoja tangu mafuriko yalipoingia karakanani tukiwa wadogo. Baba hakuinyoosha. Alisema chuma kikishazoea kulala, kiache kilale. Ndiyo maana ski za Baba zilikuwa na ya kushoto na ya kulia, kama viatu. Za watu wengine hazina hayo. Tukizivaa kinyume, alijua kwa kusikia tu zinavyokwaruza theluji. Hata kama yumo ndani ameinamia randa, alitokea mlangoni na aproni yake, akapiga kelele: "Badili!" Kijiji kizima kilisikia. Nasi tulikaa chini kwenye theluji, tukabadilisha miguu, huku wenzetu wakitucheka.

Leo nilikaa karakanani peke yangu. Harufu ni ile ile. Nimelia kidogo. Ni gundi, huwasha macho.

Sasa mpango wenyewe. Sheria inasema mpimaji mwenye mkono wake kwenye ski yoyote lazima aseme, na kadi yake ya ski hiyo iwekwe kando. Sijasema. Nitakuwa mwendawazimu kusema! Kadi yangu ndiyo kadi ninayoitegemea. Nimeziandikisha kwa jina la binamu yetu wa Bregenz, ambaye hajui ski, lakini anajua kunyamaza. Na ili nizitambue chini ya plastiki, nimeazima rangi ya kucha ya dada, nyekundu, nikatia doa dogo nyuma kabisa, mkiani, pale plastiki isipofika. Nikiliona doa, naandika kumi kwa kumi. Akili ni nywele, na upara wangu ni wa nje tu.

Jumatatu, 11 Machi

Barafu ngumu. Upepo. Gebhard yupo.

Gebhard yupo kila mahali, kama vumbi. Ujana wake alikuwa mwanagenzi wa Baba, akawa anafagia vumbi la mbao na kubeba ski za dada kwenda mlimani. Kisha akaajiriwa posta, na sasa amestaafu na anapima ski kama sonara anavyopima dhahabu. Anashuka polepole. Anaandika polepole. Anasoma alichoandika, anafuta, anaandika tena. Leo amekuja na keki ya plamu. Niliitambua kabla hajaikata: ni ya dada. Nikamuuliza kaipata wapi. Akasema alipita nyumbani kusalimia. Mimi nipo nyumbani miaka yote hii na sijaonjeshwa keki ya plamu tangu Krismasi. Ni wazi anapeleleza.

Mkuu wetu ni Iris Lackner, binti wa Innsbruck. Ananiita Mzee Praxmarer kwa adabu nyingi mno. Mtu akikuheshimu kiasi hicho, ujue anatafuta namna ya kukustaafisha.

Doa sijaliona. Jozi nilizopewa leo zote mikia yake ilikuwa safi. Nikaona niharakishe mambo. Jioni nikamfuata Roswitha, fundi anayefunika ski na kuzinoa makali, kwenye kile kibanda chake. Nikampelekea paja zima la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, kazi ya mikono yangu, nikamwambia ni zawadi tu kwa kuwa ana uso wa uchovu. Halafu nikauliza, kama mtu anayeongelea mvua, jozi ya yule bwana wa Bregenz ina namba gani.

Roswitha akasema nyama hali tangu ujana wake. Akasema na uso wake hauna uchovu wowote, ndivyo ulivyo. Paja akapewa mbwa wake. Mbwa amenipenda sana. Ananifuata mpaka chooni.

Jumanne, 12 Machi

Nimeliona!

Namba nne. Imeegemea ukuta wa kibanda, na kwenye mkia, doa jekundu. Moyo ulinidunda hadi nikashindwa kufunga buti. Nikajifanya natazama mawingu, nikaichukua kabla Gebhard hajainua mguu.

Siwezi kuandika nilivyoshuka. Nitajaribu. Kona ya kwanza nilimsikia Baba. Kona ya pili niliuona mlango wa karakana, na moshi wa bomba la jiko, na Mama akikung'uta shuka dirishani. Ski zilinitii kama zimenilea. Nilipofika chini machozi yalikuwa yameganda kwenye ndevu. Iris alikuja mbio akidhani nimeumia.

Kadi nimeijaza mbele na nyuma. Nimeandika kwamba hizi ni kumbukumbu yenye makali ya chuma, kwamba ndani ya mbao hii limo bonde letu na mvua zake zote, na kwamba mkono ulioipiga randa ulijua upendo. Kumi. Pale chini nikaongeza kwamba kama kungekuwa na alama kumi na moja, ningezitoa.

Gebhard naye alizishusha namba nne baada yangu. Nilimtazama usoni. Hakuna kitu! Akaandika maneno mawili, akaenda kunywa chai. Amefagia karakana ya Baba ujana wake wote, na hakuhisi chochote. Wengine wana masikio ya kushikia miwani tu.

Usiku huu nitalala vizuri sana.

Jumatano, 13 Machi

Siku ya aibu, lakini aibu si yangu. Ni ya aliyetengeneza namba kumi na moja.

Nilizivaa kwa moyo mweupe. Mpimaji mwadilifu hutenda haki hata kwa takataka. Nikaanza kushuka. Ya kushoto ikataka kwenda kulia, na ya kulia ikataka kwenda kushoto. Zikakutana mbele yangu kama walevi wawili mlangoni. Niliruka. Niliona mbingu, kisha theluji, kisha mbingu tena. Nikaja kukomea mbele ya hoteli tulikofikia, kichwa ndani ya uzio wa plastiki, miguu nje, na watu wote wamekaa barazani wanakunywa supu. Mtalii mmoja alipiga makofi. Mbwa wa Roswitha akaja kunilamba.

Nimetoa mbili. Nimeandika: "Aliyezitengeneza hizi hajawahi kuona mlima ila kwenye kalenda. Zitafaa kuanikia nguo. Nimetoa mbili badala ya sifuri kwa sababu tupo kwenye Kwaresima." Nimeisoma tena jioni. Ni mojawapo ya kadi zangu bora.

Jambo la kufurahisha lilikuja baadaye. Gebhard alipewa hizo hizo namba kumi na moja. Nikakaa barazani na kikombe changu, nikingoja. Alipiga kona moja, akasimama. Katikati ya mteremko! Akakaa chini kwenye theluji kama mtoto. Akahangaika na vifungio muda mrefu, akafungua, akafunga. Nilimwambia jirani yangu kwamba uzee ukifika magotini haubishi hodi. Kisha akainuka, akashuka mpaka chini taratibu, akapanda tena. Na tena. Nadhani alikuwa amesahau alikoacha glavu.

Akaja akakaa mbali na sisi kujaza kadi. Alikuwa anajifuta pua. Baridi imemwingia, maskini.

Alhamisi, 14 Machi

Mbuzi hapatikani kwa kadi moja. Leo nilikwenda kuwasaidia wenzangu wafikiri.

Kila mpimaji aliyechukua namba nne nilimngoja chini, nikahema kwa sauti. Nilihema hivi: "Aaah." Si neno. Sheria inakataza maneno. Kwa yule mama wa duka la michezo la Salzburg nilihema na kushika kifua, akaenda kuniitia daktari. Iris akanichukua pembeni. Akasema kwa ile adabu yake kwamba Mzee Praxmarer anaonekana amechoka, na ingekuwa heri apumzike kwenye uzio wa chini mchana mzima, awazuie watoto wasivuke. Yaani nimefanywa mlinzi wa uzio. Mimi, mtoto wa Praxmarer!

Nikakaa pale. Mchana Gebhard akashuka na mkate wake, akaketi kando yangu bila kukaribishwa. Akanimegea nusu. Nikala, maana njaa haina adui.

Akaanza habari za zamani. Akauliza kama nakumbuka Baba alivyokuwa akionja gundi kwa ulimi ili ajue kama imeiva. Nakumbuka. Akasema mwaka aliomaliza uanagenzi, Baba alimpa jozi nzima ya ski badala ya maneno ya kuaga, kwa kuwa maneno yalikuwa yakimshinda. Anazo hadi leo, chini ya kitanda. Nilimwonea wivu, naandika wazi. Zangu zote nilizivunja, na Baba kila mara alitikisa kichwa tu akaenda kuchagua mbao nyingine. Laiti ningeficha hata jozi moja. Laiti ningekaa naye pale kwenye jiko jioni moja zaidi badala ya kukimbilia dansi. Nimekaa na mkate mkononi, nikaona theluji yote imekuwa ukungu.

Halafu Gebhard akanigeukia. Akauliza, "Wendelin, huna jambo la kuniambia?"

Nikamwambia sina.

"Wala la kumwambia Iris? Kabla ya kesho?"

Nikamwambia mwenye jambo ni yeye, anayekula keki za watu. Akacheka, akainuka, akakung'uta theluji kwenye suruali. Anachokitafuta nakijua. Ananusa mbuzi wangu. Hapati kitu.

Ijumaa, 15 Machi

Nitaeleza kwa utaratibu.

Ijumaa jioni ndipo ski hufunuliwa. Tunakusanyika chumba cha kulia, tunakula tambi za jibini, Roswitha anachana plastiki, na Iris anasoma jina na matokeo. Kwa kila jozi husomwa kadi moja ya sifa na moja ya lawama, bila kutaja aliyeandika. Nilivaa koti la kijani la Baba. Nilikuwa nimeandaa uso wa mshangao.

Wakafika namba nne. Roswitha akachana. Nikaanza kushangaa.

Ni ski za dukani! Zile zinazouzwa kwenye maduka makubwa kando ya sabuni, kwa watu wanaoteleza mara moja kwa mwaka. Iris akaeleza kwamba aliziweka makusudi, awe na kitu cha chini cha kulinganishia. Ndani yake hamna mbao hata kijiti, ni povu la plastiki. Halafu akasoma kadi ya sifa. Akaisoma yote, mbele na nyuma. Bonde letu na mvua zake zote. Mkono uliojua upendo. Watu walicheka mpaka mama wa Salzburg akapaliwa na tambi. Nilicheka pia, kwa sauti kuliko wote.

Nikamnong'oneza Roswitha, doa jekundu lile ni nini. Akasema huzitia doa zile zilizoumia. Jumatatu mtu alizipitisha namba nne juu ya jiwe, yeye Roswitha akazinoa upya, akatia doa asije akazinoa mara mbili. Na mikia mingine yote alikuwa ameisugua kabla ya kazi kuanza, maana kulikuwa na mjinga fulani aliyeumwagia mmoja rangi.

Jozi zilikuwa zimebaki chache ukutani.

Namba kumi na moja. Plastiki ikachanika, na nikaziona. Ile rangi ya asali. Ule mkia uliopinda kidogo, kama Baba alivyopenda. Na juu yake maandishi yangu mwenyewe ya penseli: moja Kushoto, moja Kulia.

Iris akasema ni za bwana mmoja wa Bregenz, mtengenezaji mdogo asiyejulikana. Akasema inasikitisha, maana karibu kila kadi imezisifia sana, ila zimemkosa mbuzi kwa unywele. Kadi moja imezivuta chini. Akaisoma. Kalenda. Kuanika nguo. Kwaresima.

Safari hii sikucheka.

Kisha akasoma kadi ya sifa. Ilikuwa fupi, na mwandiko alisema umefutwafutwa. Nainakili hapa kama nilivyoisikia: "Ski hizi zina ya kushoto na ya kulia. Nilizivaa kinyume. Kona ya kwanza nilimsikia Mzee mlangoni akisema badili. Nikakaa chini, nikabadili. Kumi."

Gebhard akasimama. Akasema, "Iris, mwanangu, duniani kuna presi moja tu iliyolala upande. Hizi hazikutoka Bregenz." Hakunitazama. Akakaa.

Iris akanigeukia. Akaniuliza kama ninazijua ski hizi. Akanikumbusha sheria, pole pole, ili nielewe. Kama ni zangu, kadi yangu itawekwa kando, na mimi mwenyewe nitawekwa kando pamoja nayo. Kama si zangu, kadi inabaki.

Nilikuwa na majibu mengi mazuri. Ningeweza kusema sizijui. Ningebaki mpimaji, na kiti changu cha waya, na koti la upimaji lenye jina langu. Nilishafungua mdomo kusema hivyo. Lakini nilikuwa naziangalia zile herufi za penseli, na nikaona nimeandika K kama Baba alivyoiandika, na mguu mmoja mrefu. Mdomo ukasema wenyewe, "Ni za Baba."

Iris akaichukua kadi yangu kwenye rundo, akaikunja, akaitia mfukoni. Akapiga hesabu upya. Akachukua muhuri, akamgonga mbuzi.

Tambi zangu zilikuwa zimepoa. Nimezila.

Jumamosi, 16 Machi

Nimerudi nyumbani na mzigo wangu. Nimefungiwa kupima kwa mwaka mmoja, na baada ya hapo wataona. Iris alinipa mkono, akasema Mzee Praxmarer atakumbukwa. Nilijua tu.

Dada alikuwa ameshajua kila kitu. Gebhard alimpigia simu usiku. Nilitegemea anicheke, hakunicheka. Aliniwekea supu yenye madonge ya mkate, akakaa mbele yangu, akaniuliza kama kweli nilisahau kushoto na kulia. Mimi, niliyepigiwa kelele na Baba utoto mzima. Nikamwambia sikusahau, zilikuwa zimefunikwa. Akasema, "Na alizovaa Gebhard, hazikuwa na plastiki?"

Nilikuwa na donge mdomoni.

Akaenda kumpigia mtu wa vyuma chakavu. Nilimsikia akiwa barazani akisema presi haiuzwi. Kisha akaingia karakanani peke yake, akafunga mlango, na hakutoka mpaka giza lilipoingia. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Nikamwambia ni gundi. Akasema ndiyo, ni gundi.

Nimefikiri sana leo. Nimegundua kwamba mpango wangu ulifaulu. Lengo lilikuwa kuikoa karakana, na imeokoka. Kama ningesema ukweli mapema kadi yangu ingewekwa kando na mbuzi angepatikana bila kelele, ndivyo asemavyo dada. Sawa. Lakini nani angeikumbuka ski isiyo na kelele?

Jumapili ya Matawi, 24 Machi

Leo anayeamka wa mwisho nyumbani ndiye punda wa Matawi, na hutaniwa mpaka usiku. Kwetu ni dada na mimi tu, kwa hiyo ni vita ya watu wawili, na nimeshindwa miaka mingi mfululizo. Safari hii nilikuwa na mbinu. Nililala na nguo zote, hadi buti. Nikapitiwa na usingizi kwa sababu ya joto.

Nilipoteremka, mezani walikuwa wawili. Gebhard alikuwa amekaa kwenye kiti cha Baba, amevaa aproni ya Baba, anakula keki ya plamu. Akaniambia, "Karibu, punda." Dada akacheka hadi akashika meza. Sijamsikia akicheka hivyo tangu tukiwa vijana.

Inavyoelekea Gebhard atakuwa anakuja kila siku kuendesha presi. Barua za kuulizia ski zimeanza kufika, na hata duka la Salzburg linataka. Mimi nitasugua na kupaka nta, na sitaachiwa penseli. Yote haya yalipangwa bila mimi. Wakati wa kunipa chai Gebhard ameniita shemeji. Nadhani bado ana homa ya ile siku ya theluji.

Baada ya misa nilichukua ile jozi ya mbao za Baba, nikapanda kilima cha nyuma ya nyumba, pale tulipojifunzia. Jua lilikuwa linayeyusha theluji juu ya paa na moshi unatoka bomba la karakana kama enzi za Baba. Nilisimama pale muda. Nilimkumbuka sana Baba. Nikafunga ski bila kutazama herufi, nikashuka.

Kona ya kwanza nikaona mlango wa karakana unafunguka. Mtu mwenye aproni akatokea, akapiga kelele: "Badili!"

Gebhard hawezi kunifundisha kuvaa ski za baba yangu. Sikubadili.

Naandika haya nikiwa kitandani, mguu umefungwa ubao uliosalia kwenye zile mbao za Baba za darini. Dada alipokuwa akinifunga alianza kusema asiyesikia la mkuu, hakumalizia. Daktari anasema nitapona kabla ya majani kupukutika. Ndiyo vizuri, maana nina kazi. Mwakani tutapeleka jozi mpya na Gebhard atakuwa mpimaji, na lazima mtu awepo wa kumchunga. Nitaingia kama mpishi wa hoteli. Nimeshafikiria hata alama.

Doa litakuwa la bluu.